Mgeni wa Mumbai Alale Wapi?

Mgeni ni kuku mweupe, walisema wazee wetu, kwa kuwa kuku mweupe mwewe humwona yeye wa kwanza. Neno hilo lilinijia saa tisa za usiku, mwaka 2023, nimesimama mbele ya nyumba moja ya kulala wageni kaskazini mwa mji wa Mumbai. Mamangu alikuwa ameketi juu ya sanduku, miguu imemvimba kwa safari, na karani wa mapokezi anatikisa kichwa kwa namna ile ya Kihindi ambayo mgeni hajui kama maana yake ni ndiyo au la.

Usiku ule maana yake ilikuwa la. Chumba nilikuwa nimekiweka tangu Mombasa, na nusu ya fedha nimelipa. Picha zake zilikuwa nzuri: shuka nyeupe, pazia, hata chombo cha maua. Lakini yule kijana alipoiona pasipoti ya Kenya aliifunga akanirudishia kwa adabu. Wageni wa nchi za nje hawapokewi hapa, alisema. Nikauliza mbona fedha zangu zilipokewa. Akatikisa kichwa tena.

Msomaji, baadaye ndipo nilipofahamishwa sababu. Sheria ya India yataka kila ampaye mgeni wa nje mahali pa kulala awapelekee habari zake wenye mamlaka ya uhamiaji ndani ya saa 24. Fomu yenyewe wakati wa safari yetu iliitwa Fomu C. Haichagui hoteli kubwa wala kichumba cha uchochoroni. Hata jamaa yako akikulaza sebuleni kwake yampasa kuijaza. Nyumba nyingi ndogo hazijajiandikisha kwa kazi hiyo, au wenyewe hawataki taabu yake, basi njia rahisi kwao ni kumkataa mgeni mlangoni. Kwa hivyo swali la kwanza la kumuuliza mwenye nyumba, kabla ya bei na kabla ya kuuliza kama kuna maji ya moto, ni hili: je, unapokea wenye pasipoti za nje, na fomu ya wageni waijaza? Akisitasita, mwache. Na akikubali, nakala ya fomu ile mwombe uiweke.

Nayaandika haya kwa kuwa safari ya Mumbai kwa watu wa pwani si jambo la jana. Wazee wetu waliuita mji ule Bombei, na wako wangali hai walioupanda kwa meli za kampuni ya British India, Karanja na Kampala, siku nyingi baharini na kitanda cha mtu ni mkeka juu ya sitaha. Siku hizi ni ndege, saa sita hivi kutoka Nairobi. Waendao ni walewale: mfanya biashara wa nguo, mwenye harusi anayetafuta vyombo na vito, na zaidi ya wote mgonjwa pamoja na mtu wa kumwuguza. Huyu wa mwisho ndiye ninayemsemea leo, kwani mfanya biashara akilala pabaya atapata usingizi mdogo tu, lakini mgonjwa akilala pabaya huenda tiba yenyewe ikaharibika. Kwetu nusura iharibike.

Yafaa kwanza kuujua mji ulivyolala. Mumbai ulikuwa visiwa saba, navyo viliunganishwa kwa kufukiwa bahari miaka mingi. Wareno, walewale waliotujengea Fort Jesus mwaka 1593, ndio waliokuwa navyo, wakampa mfalme wa Uingereza, Charles wa Pili, katika ndoa yake na binti wa mfalme wao, kwa mapatano ya mwaka 1661. (Ni mahari ya kinyume, ya bi harusi kumletea bwana, nasi twashukuru hayakuletwa kwetu.) Mwaka 1668 mfalme yule akaikodisha Kampuni ya East India kwa pauni 10 kwa mwaka. Leo pauni 10 hazikupi hata usiku mmoja wa chumba cha maana katika mtaa wa Colaba.

Umbo la mji ni kama kidole kirefu kilichonyooka kuelekea kusini, bahari pande zote mbili. Mji wa kale, masoko makubwa, ofisi na baadhi ya hospitali mashuhuri ziko huko nchani. Uwanja wa ndege uko mbali kaskazini, kiasi cha kilomita 25. Na kwa kuwa kidole ni chembamba, barabara zote zaelekea upande mmoja, watu wote waelekea upande mmoja, na saa za asubuhi mamilioni wamo njiani. Umbali uuonao kwenye ramani usiuamini. Kilomita 20 za Mombasa kwenda Mtwapa waweza kuzilaani, lakini ngoja uzione za Andheri kwenda kusini saa mbili asubuhi.

Usiku ule dereva wa teksi, mzee mwenye ndevu za hina, alituhurumia akatupeleka kwenye hoteli karibu na uwanja wa ndege. Tulilipa mara tatu ya bei niliyokuwa nimekusudia. Nikajiambia tukae papo hapo, chumba kisafi, lifti ipo, mama apumzike. Siku ya miadi tukatoka saa mbili, na hospitalini tukafika saa nne na robo. Njiani mama alitapika mara mbili. Daktari, mtu mpole sana, alimpima presha, akampima tena baada ya nusu saa, akasema mama huyu leo haguswi. Mshipa wa moyo hauwezi kuzibuliwa katika hali ile. Akatupa siku tatu. "Mmefikia wapi?" akaniuliza. Nilipomwambia, aliandika kitu kwenye karatasi yake bila kuniangalia. Nikaona haya kama mtoto aliyekamatwa na maembe ya watu.

Jioni ile ikawa ni kikao cha simu. Kakangu aliyebaki Mombasa alishika lake: "Kaeni Colaba, ndiko wakaako wageni." Hakukosea kabisa. Colaba ni ncha ya mwisho ya kidole, pale penye lango kubwa la Gateway of India lililokamilishwa mwaka 1924, na hoteli ya Taj iliyofunguliwa 1903. Nyumba za mtaa ule zimezoea pasipoti za kila rangi, na Waarabu wa Ghuba wameujua kwa miaka mingi, wakija msimu wa masika ya huko kuitazama mvua ambayo kwao haiko. Lakini vyumba vya bei ya chini vya Colaba ni vidogo mno. Nilikwenda kukiona kimoja, kitanda kimejaa ukuta kwa ukuta na dirisha latazama dirisha la jirani. Pa kutandika mswala hapakuwapo ila ukifungua mlango.

Mama naye alikuwa na lake. "Nipeleke penye adhana," alisema. "Nimechoka kusali kwa kukisia."

Kukisia kwenyewe kulikuwa na kisa. Kwetu Mombasa kibla ni kaskazini, sawasawa kama uzi, na mamangu maisha yake yote ameelekea huko. Mumbai kibla ni magharibi, baharini. Siku mbili za kwanza alikuwa akiuliza kaskazini ni wapi na kusali huko, mpaka mhudumu wa hoteli, kijana wa Kiislamu wa Bihar, alipomgeuza kwa heshima. Vilevile saa za huko zimetangulia zetu kwa saa mbili na nusu, na ile nusu ndiyo imchanganyayo mtu.

Basi tukahamia Mohammed Ali Road. Ewe msomaji wa Kibokoni au wa Kuze, ukitaka mahali ambapo hutajiona mgeni, ni pale. Toka soko la Crawford, lililojengwa tangu 1869, ufuate barabara kuelekea kaskazini, utapita maduka ya manukato, tasbihi, kofia, misahafu, halua na tende, mpaka Minara Masjid. Kando kidogo ni Bhendi Bazaar, mtaa wa Mabohora. Huko ndiko liliko kaburi la marumaru liitwalo Raudat Tahera. Mbele yake Chor Bazaar, ambapo wauza saa kuukuu na santuri. Nguo uzionazo zimefungwa marobota kwenye vichochoro vile, nyingine utakutana nazo tena Biashara Street. Upande wa mashariki kuna stesheni ya gari la moshi iitwayo Masjid, na wenyeji wengi husema jina lile halikutoka kwa msikiti ila kwa sinagogi la Mayahudi wa Bene Israel ambalo asili yake ni mwaka 1796.

Mtaa huo una nyumba ziitwazo musafirkhana, na neno hilo halihitaji mkalimani. Iliyo mashuhuri ni ya Saboo Siddik, karibu na soko la Crawford. Nyumba hizi zilijengwa na matajiri wa Kiislamu kwa ajili ya mahujaji waliokuwa wakingoja meli za Jedda. Ukitaka kujaribu bahati yako huko, ulizia mapema kama wageni wa nje hupokewa, na kumbuka kuwa msimu wa haji si wakati wa kwenda kuomba nafasi. Sisi tulipata chumba katika nyumba ya kawaida ya kulala wageni. Huko huiita "lodge", na ni vizuri kulijua neno hilo, kwa sababu "hotel" kwa mtu wa Mumbai, kama ilivyo hoteli kwa mtu wa Kenya, mara nyingi ni mahali pa kula. Ukimwambia dereva akupeleke hoteli usiku wa manane atakufikisha penye biriani.

Mama alibadilika siku ile ile. Alisikia adhana kutoka misikiti minne, moja baada ya nyingine. Chooni palikuwa na ndoo na kopo, akahimidi Mungu. Kihindi chake alichojifunza kwenye sinema za ujanani, chote kikiwa ni maneno ya mapenzi na ya kulia, kikamfaa kwa wanawake wa chumba cha pili waliotoka Ratnagiri. Hao ni Wakokani, Waislamu wa pwani kama sisi, mchuzi wao wa samaki una nazi, na kwa siku mbili sikumsikia akilalamikia chakula. Presha ilishuka. Niliandika nambari zake kila asubuhi, nami nikaanza kujisifu.

Sasa nieleze nilichokosea, maana makosa ya pili ndiyo yaliyonifundisha zaidi. Chumba chetu kilikuwa orofa ya tatu na lifti hakuna. Ngazi zilikuwa 54. Nilizihesabu baada ya kumwona mama akisimama mara nne kupumua. Dirisha letu lilitazamana na barabara ya juu, lile daraja refu la zaidi ya kilomita 2 lililofunguliwa mwaka 2002, ambalo lapita kimo cha madirisha ya watu, hata ungeweza kumpa dereva mkono. Magari hayo hayalali. Nasi hatukuwa katika Ramadhani. Mwezi ule mtukufu mtaa wa Minara hufurika walaji tangu magharibi mpaka daku, kwa malpua na firni na nyama za mkaa, watu wa dini zote. Kwa kijana ni raha isiyo kifani. Mgonjwa wa moyo usimweke hapo.

Nilikuwa nimeichagua nyumba kwa mtaa wake, sikuichagua kwa ngazi zake. Mama alipozibuliwa mshipa, na alhamdulillahi ukazibuka, daktari alitoa sharti: siku kadhaa za mwanzo, kupanda ngazi hakuna, na awe mahali ambapo akishikwa na maumivu atafika hospitali kwa dakika chache. Mara ya tatu nikabeba masanduku.

Vyumba vya karibu na hospitali hupatikana kwa dalali, kwa wauguzi, na kwa wauza chai walioko mlangoni, na wa mwisho ndio wajuao zaidi. Hapa pana hatari yake. Kila hospitali kubwa ya Mumbai imezungukwa na watu wanaokula kwa wagonjwa. Huko Parel, nje ya hospitali ya saratani ya Tata Memorial iliyofunguliwa mwaka 1941, familia za mbali hulala kando ya barabara chini ya turubai kwa kuwa vyumba vya sadaka havitoshi, na mbele yao hupita wauza vyumba kwa bei ya juu. Usimpe dalali fedha kabla hujapanda mwenyewe hadi chumbani, ukafungua bomba, ukawasha pangaboi, ukainua godoro kutafuta kunguni. Uliza siku yao huanza saa ngapi: nyumba nyingine huhesabu saa 24 tangu uingie, nyingine hukutoa saa sita mchana hata kama umeingia saa nne. Uliza maji hutoka saa ngapi. Ukifika kati ya Juni na Septemba, chumba cha chini usikikubali. Tarehe 26 Julai 2005 mvua ya milimita 944 ilinyesha kwa siku moja upande wa Santacruz, na hata katika miaka ya kawaida maeneo kama Hindmata, karibu na Parel, hujaa maji mpaka magotini.

Chumba tulichokipata kilikuwa dakika tano kwa mguu kutoka hospitalini. Lifti ilikuwapo, ya zamani, yenye mlango wa vyuma wa kuvutwa kwa mkono. Kimya kama cha kaburi. Mama hakukipenda hata kidogo. "Mwanangu, hapa nimekuja kutibiwa au kufungwa?" Adhana haikusikika, ikawa nikimwandikia nyakati za sala kwenye karatasi. Na nyumba nzima ilikuwa ya watu wasiokula nyama. Hilo lazima ulijue kabla: Mumbai ina majengo mengi ambayo wenyewe wamekubaliana nyama wala yai lisipikwe humo, na mwenye kupanga huchunguzwa dini yake na chungu chake. Yako mambo katika hilo ambayo hayampendezi Mwislamu wa huko, naye hukosa nyumba mahali ambapo fedha anazo. Sisi tulikuwa wapita njia, tukanyamaza.

Lakini mgonjwa alitaka supu. Nyama ya ng'ombe katika jimbo lile imepigwa marufuku tangu mwaka 2015. Ukiona jina lake kwenye orodha ya chakula jua ni nyati wa kufugwa. Mbuzi na kuku wapo, na halali hupatikana bila shida kwenye mitaa yetu. Nikapanda teksi kwenda Bhendi Bazaar, nikarudi na supu ya miguu ya mbuzi ndani ya chupa ya chai, nikidhani nimefanya werevu. Msimamizi wa nyumba alinipokea kwenye lifti. Supu ya mbuzi haina siri. Hakunigombeza; alinionyesha mlango tu, kwa kidole kimoja.

Ikawa kila jioni, daktari alipomruhusu mama kutembea kidogo, twachukua teksi mpaka Marine Drive. Ni barabara ya pwani iliyopinda kama upinde, yenye ukuta mrefu ambao watu wa mji wote huja kuukalia jua likizama. Hapo mamangu alikunywa supu yake kwenye kifuniko cha chupa, buibui lake likipeperuka, katikati ya wachumba na wauza karanga. Jioni ya kwanza aliuliza Mombasa iko wapi. Nikamwonyesha, kusini magharibi, na maji kati yetu ni hayohayo. Akasema angelijua kuwa bahari iko karibu hivi asingelalamika juu ya chumba. Kisha akalalamika juu ya chumba.

Siku mbili kabla ya kuondoka alitaka kwenda Haji Ali. Msikiti na kaburi lile viko juu ya mwamba baharini, na njia yake ni ukingo mwembamba ambao maji yakijaa huzama. Kwa mtu wa pwani hilo si la kueleza mara mbili. Mama aliuliza bamvua ni lini kabla mimi sijafikiria kuuliza. Kwa miaka kadhaa wanawake walikatazwa kulifikia kaburi lenyewe, hadi mahakama kuu ya Mumbai ilipoamua vingine mwaka 2016, kwa hiyo aliingia, akaomba dua yake, akatoka kabla maji hayajapanda.

Yako mengine yaliyobadilika tangu safari yetu. Mwezi wa Oktoba 2025 njia ya gari la moshi ya chini ya ardhi ilikamilika kutoka Aarey kaskazini mpaka Cuffe Parade kusini, ikipita uwanja wa ndege na stesheni kuu ya Chhatrapati Shivaji, ile wazee waliyoijua kwa jina la Victoria Terminus. Kwa hiyo mwenye miguu yake sasa aweza kulala mbali kidogo akafika kusini bila kuoka barabarani. Garimoshi za zamani za juu ya ardhi zingalipo, na mabehewa ya wanawake peke yao, ila saa za asubuhi na jioni hata hayo usimpandishe mama mgonjwa. Na ukizoea tuktuk za Mombasa, jua kuwa za Mumbai zimekatazwa kuingia kusini. Huishia Bandra na Sion, baada ya hapo ni teksi.

Mwezi uliopita jirani yetu mmoja alikuja nyumbani. Mtoto wake ana tatizo la figo na wamepata miadi Mumbai. Alitaka nambari ya ile nyumba ya Mohammed Ali Road, kwa kuwa mama amemsimulia adhana za misikiti minne, wanawake wa Ratnagiri na mchuzi wa nazi, na ngazi 54 hakuzitaja. Nambari ninayo. Nilipokuwa nikiitafuta, mama aliniita kutoka jikoni, akasema nimwulize kwanza hospitali ya mtoto iko upande gani wa mji.